Mutoto asipolia: majani, matunda na dakika ya kwanza



Alhamisi iliyopita, katika mukutano wa muso yetu, kulikuwa chupa moja juu ya meza, kando ya sanduku la akiba. Chupa nyeupe, kifuniko cha rangi ya zahabu, na picha ya matunda mekundu. Mama mumoja wa kundi letu, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliileta ili tumusomee maandishi. Muuzaji alimuachia chupa kwa siku mbili na kumwambia: ukiipenda, leta dola 35. Karatasi iliyokuwa ndani iliandikwa kwa Kifaransa. Ilisema kwamba vidonge vina antioksidanti za mimea, na kwamba vinalinda ubongo wa mutoto wakati anapokosa oksijeni.

Dola 35! Mama huyu alikuwa ameweka dola 40 ndani ya sanduku, kidogo kidogo, tangu siku alipojua kwamba ana mimba. Ile ni pesa ya maternite, ya pikipiki ya usiku, ya sabuni na vitambaa. Alituuliza: «Madamu, nitoe pesa ninunue, ao niache?»

Mbele hatujamujibu, mama mwengine aliyekuwa amekaa karibu na mulango akasema kwa sauti ya chini. Wote tunamujua. Mutoto wake ana miaka minne, hakai peke yake, haongei. Alizaliwa bila kulia. Tangu siku ile, mama mukwe wake anamwambia kwamba ni kosa lake, kwa sababu alikataa kunywa dawa ya majani wakati wa mimba. Aliuliza hivi: «Kama ningalikunywa kitu kama hicho, mutoto wangu angaliongea leo?»

Chumba kizima kilinyamaza. Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliwaomba wiki moja, tukarudia vitabu vyetu vya biolojia tangu wakati wa ISP, tukauliza muuguzi na muzalishaji, tukasoma yale ambayo wenye elimu wameandika. Leo tunaleta jibu, kwa ajili ya wale wamama wawili na kwa ajili yenu ninyi wote munaosoma karatasi hii.

Ubongo na oksijeni

Tuanze na ubongo wenyewe. Kwa mutu muzima, ubongo ni kama sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili. Lakini unakula karibu sehemu 20 kwa 100 za oksijeni yote tunayovuta. Ni kiungo kidogo chenye njaa kubwa. Tena hauna akiba. Musuli wa muguu unaweza kuvumilia muda fulani bila hewa mupya. Ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache tu.

Mutoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni yake inatoka katika damu ya mama, inapita kwenye kondo ya nyuma, inaingia kwa kitovu. Kwa hiyo inaweza kukatika kwa njia nyingi: kitovu kinafinywa, kondo ya nyuma inabanduka mbele ya wakati, mama anatoka damu nyingi, mutoto anakaa muda murefu sana njiani, ao anazaliwa na hashindwi kutoka lakini anashindwa kuvuta pumzi ya kwanza. Huyo ndiye mutoto tunayesema «hakulia».

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Ubara hauko tu katika ile saa ya kukosa oksijeni. Uko pia wakati oksijeni inarudi.

Wamama, munajua mbabula. Ukiifunika makala yakiwa yanawaka, moto unazimia polepole, lakini makala yanabaki mekundu ndani. Ukifunua kwa mara moja na kupepea kwa nguvu, cheche zinaruka kila upande, zinaweza kuchoma nguo yako na mukeka. Mwilini ni vilevile. Oksijeni ndiyo moto unaopika chakula ndani ya seli zetu na kutupatia nguvu. Kila siku moto huo unatoa cheche kidogo, ndizo wenye elimu wanaita radikali huru. Mwili unajua kuzizima. Lakini oksijeni ikikatika kisha ikarudi kwa gafula, cheche zinakuwa nyingi kuliko mwili unavyoweza kuzima. Zinachoma ngozi ya seli, na seli za ubongo ziko na mafuta mengi, zinashika moto upesi. Kwa mutoto aliyekosa hewa, uharibifu huu wa pili unaweza kuanza kisha masaa kama sita na kuendelea mupaka siku ya tatu, hata kama mutoto anaonekana ametulia.

Kitu kinachozima zile cheche ndicho kinaitwa antioksidanti. Mwili unatengeneza zingine wenyewe. Zingine tunazipata kwa chakula, na nyingi zinatoka kwa mimea: vitamini C, vitamini E, rangi ya njano na nyekundu ya karoti na mawese, rangi nyekundu ya matunda, na vitu vingine vilivyo ndani ya vitunguu, majani ya chai na manjano. Mumea hauwezi kukimbia jua; unakaa pale pale siku nzima. Kwa hiyo unajitengenezea vitu vya kujilinda. Sisi tunapokula mumea, tunapata sehemu ya ule ulinzi.

Basi karatasi ya ile chupa haikutunga jambo hili. Antioksidanti ziko. Kazi yake ni ya kweli. Tatizo linaanza pale tunapouliza: zikiingia kinywani mwa mama, zinafika kwenye ubongo wa mutoto? Na zinatosha?

Komamanga na panya wa St. Louis

Picha iliyokuwa juu ya chupa ni ya komamanga. Hapa Bukavu ni shida kulikuta, lakini wale wanaosoma Biblia wanalijua kwa jina. Haliko pale kwa bahati. Mwaka wa 2005, wenye elimu wa Chuo Kikuu cha Washington katika muji wa St. Louis, Marekani, walitangaza kazi waliyofanya na panya. Panya wenye mimba waliwekewa maji ya komamanga ndani ya maji yao ya kunywa, mupaka wakati wa kunyonyesha. Wengine walikunywa maji ya kawaida ao maji ya sukari. Watoto wa panya walipofikisha siku saba, waliwakosesha oksijeni kwa makusudi, kisha wakapima ubongo wao. Watoto ambao mama zao walikunywa komamanga walipoteza sehemu ndogo ya ubongo kuliko wengine: upotevu ulipungua kwa zaidi ya sehemu 60 kwa 100.

Ni habari kubwa. Mama anakunywa, mutoto analindwa. Hata sisi tulipoisoma mara ya kwanza tulisimama kidogo.

Kuna kazi nyingine inayotugusa zaidi, kwa sababu inahusu chakula chetu. Mawese mekundu yana aina ya vitamini E inayoitwa tokotrienoli, ambayo haiko kwa wingi katika mafuta mengi mengine. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, huko Marekani, walitoa tokotrienoli ndani ya mawese, wakawapatia mbwa kwa muda wa wiki 10, kisha wakafunga mushipa wa damu unaopeleka oksijeni kwenye ubongo. Mwaka wa 2011 walitangaza kwamba wale mbwa waliharibika ubongo kidogo kuliko wale ambao hawakuipata. Damu ilikuwa imepata njia za kando za kupita.

Kwa hiyo mutu akikuambia kwamba mimea haina kazi kwa ubongo, mwambie asome tena. Lakini akikuambia kwamba basi nunua chupa, mwambie angojee, kwa sababu hadizi haijaisha.

Mutu si panya

Panya ni mudogo sana. Kipimo anachokunywa, kwa uzito wake, ni kikubwa. Pia wenye elimu wanachagua saa: wanaanza dawa mbele ya kukata oksijeni, na wanajua dakika ambayo wataikata. Sisi hatujui siku wala saa ambayo mutoto atapata shida. Tena vitu vingi vya mimea vinavunjwa tumboni na kwenye maini, na sehemu inayofika kwenye ubongo ni ndogo.

Ndiyo maana lazima kujaribu kwa watu. Huko Marekani, waganga waliwapatia wamama wenye mimba, ambao watoto wao hawakuwa wakikomaa vizuri tumboni, glasi moja ya maji ya komamanga kila siku. Wamama wengine walipata kinywaji kingine kinachofanana nacho. Kisha watoto kuzaliwa, walipiga picha za ubongo wao. Ukubwa wa ubongo haukuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Waliona tu alama fulani nzuri katika nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo, na wakasema kwamba lazima kazi kubwa zaidi ifanywe. Hayo ndiyo matokeo ya 2019. Ni tumaini dogo, hayajakuwa dawa.

Kwa watu wazima waliokatikiwa damu kwenye ubongo, ugonjwa unaopoozesha upande mumoja wa mwili, kuna somo lingine. Dawa moja ya kuzima cheche, iliyotengenezwa na wenye elimu na kufanya vizuri kwa wanyama, ilijaribiwa kwa wagonjwa. Mwaka wa 2006 ilionekana kama inasaidia. Walirudia kwa wagonjwa wengine zaidi ya 3,000, na mwaka wa 2007 wakatangaza kwamba haikusaidia kitu. Dawa iliachwa.

Na hili hapa ndilo linalojibu chupa yetu moja kwa moja. Huko Uingereza, wamama wenye mimba zaidi ya 2,400 waliokuwa katika hatari ya tansio ya mimba waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata vidonge vya vitamini C na vitamini E kwa kipimo kikubwa, yaani antioksidanti mbili zinazojulikana kuliko zote. Kundi lingine lilipata vidonge visivyo na kitu. Mwaka wa 2006 matokeo yalitoka: vidonge havikuzuia tansio ya mimba. Zaidi ya hayo, watoto wenye uzito mudogo walikuwa wengi zaidi kwa wamama waliomeza vitamini.

Tusikilize vizuri. Kitu kizuri ndani ya pera si lazima kiwe kizuri kikikusanywa ndani ya kidonge, mara kumi ao mara ishirini. Chumvi ni nzuri ndani ya sombe. Hakuna mutu anayekula kikombe cha chumvi.

Majani yanayoweza kukata oksijeni

Sasa tuseme juu ya dawa ya majani, ile ambayo mama mukwe alitaka bibi-arusi wake akunywe. Hatutaki kutukana wazee. Wametulea, na wanajua miti mingi ambayo sisi hatuijui. Lakini kuna aina moja ya dawa ambayo tunapaswa kuitaja wazi: ile ya kuharakisha uchungu.

Uchungu unapokuja, tumbo linakaza, na mishipa inayopeleka damu kwenye kondo ya nyuma inafinywa. Kwa wakati ule mufupi mutoto hapati oksijeni mupya. Kisha tumbo linalegea, damu inarudi, mutoto anapumuzika. Ndivyo Mungu alivyopanga: kukaza na kulegea, kukaza na kulegea. Ukikunywa kitu kinacholeta uchungu mufululizo, bila nafasi ya kulegea, mutoto hana wakati wa kujaza oksijeni tena. Unaweza kuingia maternite na mutoto muzima tumboni, na kumuzaa bila nguvu ya kulia. Tumbo linaweza hata kupasuka. Na muzalishaji, kama haumwambii ulichokunywa, hawezi kuelewa kinachotokea. Hata sindano ya kuharakisha, ikipigwa nyumbani ao bila mutu wa kuangalia saa, inaleta hatari ileile.

Kwa hiyo mama yule wa mutoto wa miaka minne, aliyekataa dawa, hakukosea. Tunataka maneno haya yafike mupaka kwa mama mukwe wake.

Yale tunayoweza kuweka kwenye sahani

Turudi kwa chakula, kwa sababu chakula hakijapoteza kazi yake. Mama anayekula vizuri wakati wa mimba ana damu nzuri, na damu ndiyo inabeba oksijeni. Tuhesabu vitu vya soko letu.

Lengalenga na majani mengine mabichi ya kijani: yapikwe kwa muda mufupi, maji kidogo, ili vitamini zisiende zote na maji. Sombe ni tofauti: lazima itwangwe na ichemuke vizuri, kwa sababu ikiwa mbichi ina sumu. Kuchemuka kule kunapunguza vitamini C yake, kwa hiyo itafutiwe rafiki: tunda bichi kisha chakula.

Mapera, machungwa, papai, marakuja: vitamini C iko nyingi, na pera inashinda chungwa kwa mbali. Tena vitamini C inasaidia mwili kushika fere iliyo ndani ya maharagi na majani. Sahani ya maharagi na pera moja kando yake ni bora kuliko sahani mbili za maharagi peke yake.

Mawese mekundu: tuyaheshimu. Lakini wengi wetu tuna desturi ya kuyachoma juu ya moto mupaka yanakuwa meupe na moshi unajaa jikoni. Ile rangi nyekundu inayopotea ndiyo dawa yenyewe. Weka mawese kidogo, karibu na mwisho wa kupika, yabaki na rangi yake.

Karanga na avoka zina vitamini E. Vitunguu, nyanya, karoti, boga la njano: kidogo kila siku ni bora kuliko kingi siku moja.

Kwa dola 35 unaweza kununua mapera, majani na karanga kwa wiki nyingi, na nyumba nzima ikala, hata wale watoto wakubwa.

Pamoja na chakula, kuna vitu vitatu vinavyolinda oksijeni ya mutoto na ambavyo haviko ndani ya chupa yoyote ya sokoni. Cha kwanza ni vidonge vya fere vinavyotolewa kwenye CPN. Tunajua vinaleta kichefuchefu na choo cheusi. Muvimeze tu, jioni kisha chakula. Mama asiye na damu ya kutosha hana kitu cha kubebea oksijeni. Cha pili ni kujikinga na malaria: chandarua kila usiku, na dawa wanayokupatia kwenye CPN. Malaria inaharibu damu ya mama na inajificha ndani ya kondo ya nyuma, mahali kabisa ambapo mutoto anapata oksijeni. Cha tatu ni mbabula. Wakati wa baridi tunaiingiza ndani ya chumba na kufunga mulango. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Inaua watu wazima wakiwa usingizini, na mutoto aliye tumboni anaumia mbele ya mama. Mbabula ibaki inje.

Dakika ya kwanza

Na sasa sehemu ambayo tunaomba muikate na kuitunza. Kama mutoto amezaliwa na hapumui, hakuna jani, tunda wala kidonge kitakachomusaidia wakati ule. Anahitaji hewa, na anaihitaji ndani ya dakika moja.

Kwenye karatasi ya maternite munaona neno Apgar. Ni jina la munganga mwanamuke wa Marekani, Virginia Apgar. Mwaka wa 1952 alileta namna rahisi ya kumupima mutoto kwa alama 0 mupaka 10, kwenye dakika ya kwanza: rangi yake, moyo wake, nguvu zake, namna anavyoitikia, namna anavyopumua. Tangu pale, watu walizoea kumutazama mutoto mara tu anapotoka, kuliko kumuweka kando na kushugulika na mama peke yake.

Kati ya watoto 100, karibu 10 wanahitaji kusaidiwa kidogo ili waanze kupumua. Wengi wao hawahitaji mashini. Wanahitaji kupanguzwa vizuri kwa kitambaa kikavu, kutiwa joto, kusuguliwa mugongo. Wakikataa bado, wanahitaji kusukumiwa hewa kwa kifuko cha mukono chenye maski, ambacho waganga wetu wanaita ambu. Kazi hiyo inafundishwa kwa wazalishaji katika inchi nyingi chini ya jina la «dakika ya zahabu». Majirani wetu wa Tanzania waliifundisha katika hospitali 8 na kupima matokeo yake. Mwaka wa 2013 walitangaza kwamba vifo vya watoto katika masaa 24 ya kwanza vilipungua kwa sehemu 47 kwa 100. Vitambaa, mikono iliyojifunza, na kifuko. Hakuna tunda lolote, hata komamanga, lililoleta matokeo kama hayo kwa watoto wa watu.

Yale ambayo hatupaswi kufanya tunayajua, kwa sababu tumeyaona: kumumwangia mutoto maji ya baridi, kumuning'iniza kichwa chini, kumupiga, kumupulizia moshi ao pilipili, kupiga sahani karibu na sikio. Kila moja linakula dakika. Maji ya baridi yanamutoa joto, na mutoto aliyepoteza joto anapumua vibaya zaidi.

Basi, mama mwenye mimba, ukienda CPN inayokuja, uliza maswali haya bila haya:

Ambu na maski ya mutoto muchanga ziko katika chumba cha kuzalia, na zinafanya kazi?

Usiku nani anazalisha, na amejifunza kumusaidia mutoto asiyepumua?

Ikiwa kuna shida, tutapelekwa wapi, na kwa njia gani?

Maswali haya hayatukani mutu. Muzalishaji muzuri anafurahi kuulizwa. Yule tuliyemutembelea alifungua kabati na kutuonyesha ambu yake, safi, imefunikwa kwa kitambaa.

Na pia ujue alama za kukukimbiza maternite bila kungoja asubuhi: damu inatoka, mutoto amepunguza kucheza tumboni, maji yametoka na yana rangi ya kijani, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, uchungu umepita usiku na muchana bila mutoto kutoka.

Majibu yetu kwa wamama wawili

Kwa mama wa mutoto wa miaka minne: hapana, dada. Hakuna mutu duniani anayeweza kusema kwamba chupa ile ingalibadilisha kitu, na dawa ya majani ingaliweza kuongeza hatari. Ulichukua mutoto wako tumboni miezi tisa, ulienda kuzaa, na hewa ilichelewa kumufikia. Kosa hilo si lako. Ubongo wa mutoto ungali unajifunza: anaposhikwa vizuri, anapokalishwa kwa mito, anapozungumuziwa kila siku, anapofanyishwa mazoezi ya viungo na mutu aliyejifunza kazi hiyo, anaweza kupata vitu vidogo ambavyo kwake ni vikubwa. Sisi walimu tunajua watoto ambao hawaongei lakini wanaelewa kila neno. Usimuache kando wakati wengine wanaimba. Na kila Alhamisi umulete mukutanoni. Mikono ya kumubeba iko.

Kwa mama wa chupa: irudishe. Alifanya hivyo Ijumaa asubuhi. Muuzaji alimukasirikia, akamwambia kwamba atajuta. Mama huyu alirudi kwetu na woga, na tunamuelewa. Mutu akikuambia «utajuta» juu ya mutoto wako, neno linakaa moyoni. Ndiyo maana tumeandika kwa urefu hivi, ili asibebe woga ule peke yake.

Dola zake 40 ziko bado ndani ya sanduku. Muso imekubaliana kuongeza kitu kingine: kila muwanachama ataweka franka 500 kila wiki katika kifuko cha pembeni, kwa ajili ya pikipiki ao gari ya usiku kwa mama yeyote anayeshikwa na uchungu. Pesa hiyo haitarudishwa na haitahesabiwa deni. Namba ya mwenye pikipiki imeandikwa kwa kalamu nyekundu ndani ya kifuniko cha sanduku.

Katika makundi yenu, zungumuzeni juu ya mambo matatu. Ni mawese gani munapika, mekundu ao meupe? Ni nani kati yenu yuko na mimba na hajaanza CPN? Na usiku wa leo mumoja wenu akishikwa, pikipiki italipwa na nani?

Mama wetu anangoja mwezi wa pili kutoka sasa. Anakula pera moja kisha bugali na maharagi, na anameza fere yake jioni. Tutakapomusikia mutoto analia, tutawaandikia.